Mtoto aongee kwanza, sarufi itamkuta njiani

Mhariri, naomba nafasi kwenye gazeti lako manake hili jambo limenikaa moyoni muda mrefu.

Nafundisha Kiswahili huku Tororo, mashariki mwa Uganda, S1 na S2, yaani kidato cha kwanza na cha pili. Tangu mtaala mpya uanze 2020 Kiswahili ni lazima kwenye madarasa hayo mawili, halafu 2022 baraza la mawaziri likapitisha kiwe lazima msingi na sekondari, tunashukuru sana, lakini amri ya Kampala haimfungui mtoto mdomo. Wengi wanakuja na maneno ya nyumbani kwamba Kiswahili ni lugha ya wanajeshi na wezi. Wazee waliyaona ya enzi za Amin, siwalaumu, ila mtoto wa miaka 13 anabeba woga ambao si wake.

Mimi mwenyewe shule niliyosoma nilivalishwa kibao shingoni kwa kuongea Dhopadhola, lugha yetu ya nyumbani, siku nzima, jioni viboko. Nilichojifunza pale ni kunyamaza, basi. Ndo maana darasani kwangu ukikosea huchekwi na wala sikukatizi. Ukisema "kitabu yangu imepotea" mi nakuuliza tu, kitabu chako kimepotea wapi? unasikia mwenyewe, kesho unasema sawa. Ngeli nazileta baadaye kabisa, na siandiki jedwali ubaoni, nawauliza wanaojua Luganda, omuntu wakiwa wengi? Abantu. Ekintu? Ebintu. Haya, mtu watu, kitu vitu, kumbe ngeli walikuwa nazo nyumbani siku zote! Watoto wa Kiteso na wa kwetu Jopadhola hawana njia hiyo ya mkato, manake lugha zao si za Kibantu, hao nawapa muda zaidi.

Sasa kuna binti mmoja alikuwa ametulia kama maji ya mtungi, muhula mzima hajanyoosha mkono. Jumamosi moja niko Malaba, mpakani na Kenya, matrela yamepanga foleni, namkuta kwenye kibanda cha mama yake anahudumia madereva waliotoka Mombasa, "kaka chapati mbili na maharagwe ni elfu tatu, chenji huna? ngoja basi nikutafutie, chai unataka ya maziwa ama ya rangi," haraka haraka na hesabu hakosei. Nilisimama pale nimeishiwa maneno, manake kwenye ripoti yake nilikuwa nimeandika juhudi hana. Iliniuma sana.

Jumatatu nikamwomba aendeshe hoteli darasani, madawati ndo meza, wenzake ndo wateja, na sheria ni moja, usipoagiza kwa Kiswahili huli. Alisimama pale mbele akamwambia mvulana mmoja mkorofi "wewe deni la jana hujalipa" darasa zima likapasuka, naye akacheka, mara ya kwanza naona meno yake. Wiki hiyohiyo akaja mkaguzi, akafungua madaftari, akauliza mbona hakuna noti za somo. Hakuuliza kama watoto wanaongea.

Kwa hiyo naomba wakaguzi na wakuu wa shule, mkija darasani kaeni na mtoto dakika tano mpige naye stori kwa Kiswahili kabla hamjafungua daftari lake.

Kwenye mtaala huo wa 2020, kuanzia S3 Kiswahili si lazima tena, mtoto anachagua mwenyewe. Yule binti alikichagua, na yule mvulana wa deni la jana pia.

Mwalimu wa Kiswahili,
Tororo