Kukosa darubini si sababu ya kumkatalia mwanafunzi

Ndugu Mhariri,

Jumamosi iliyopita alinijia nyumbani, hapa Marangu, kijana niliyemfundisha fizikia kidato cha tano na cha sita. Sasa yuko chuo kikuu, anamaliza mwaka wa pili wa shahada ya fizikia, na anataka mradi wake wa mwaka wa mwisho uwe wa astrofizikia, yaani fizikia ya nyota, sayari na vyote vilivyoko angani. Alikuwa amenyong'onyea. Alipoligusia jambo hilo idarani kwao alijibiwa, "Hatuna darubini, tafuta kitu kingine." Nilimmiminia chai nikakaa kimya, maana maneno hayo niliambiwa na mimi miaka 12 iliyopita, katika chuo kingine, karibu neno kwa neno.

Mimi nilitii. Nikafanya mradi wa kupima jinsi vumbi linavyopunguza umeme wa paneli za sola, nikapata alama nzuri, na kazi ile ilikuwa na faida yake. Kinachoniuma ni kwamba niliamini. Kwa miaka mingi nilijua moyoni kuwa utafiti wa nyota ni wa watu wenye mitambo ya mamilioni ya dola, na sisi wa huku kazi yetu ni kukariri waliyoyaona wao.

Aliyenitoa huko ni kaka yangu, naye hakukusudia. Ni mwongoza watalii, na asipokuwa na safari huniachia darubini yake ya kutazamia wanyama. Nilianza na nyota inayoitwa Mira. Nawaomba wasomaji wa Moshi na Arusha waijue nyota hii, kwa sababu inapita karibu kabisa na utosi wetu. Mwaka 1596 Mjerumani David Fabricius aliiona, kisha ikafifia mpaka ikampotea. Leo inajulikana kwamba hung'aa na kufifia kwa mzunguko wa siku 330 hivi, na ikifikia chini kabisa, macho matupu hayaioni. Nilikuwa nailinganisha na nyota za jirani yake na kuandika ukadiriaji wangu kwenye daftari, tarehe na saa. Vipimo vya namna hiyo vinapokelewa na chama cha AAVSO cha Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1911, kutoka kwa mtu yeyote duniani, awe na cheti au asiwe nacho.

Lakini huku mlimani mawingu ni mengi, na ndiyo yaliyonipeleka kwenye kompyuta. Chombo cha TESS cha NASA, kilichorushwa mwaka 2018, kinapima mwanga wa nyota nyingi kwa wakati mmoja, na data zake ziko wazi kwa wote, bure. Nilichagua nyota WASP-18, iliyo upande wa kusini, umbali ambao mwanga wenyewe huchukua karibu miaka 400 kuufikisha kwetu. Faili la vipimo vyake vya siku 27 halikufika hata megabaiti tano. Video moja ya harusi inayozunguka kwenye makundi ya WhatsApp inakula bando kuliko hilo.

Nilikaa nalo usiku wa Ijumaa na Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, niliyokuwa nimejifunza kwa kuungaunga. Chati ya kwanza ilikuwa fujo tupu. Nikaondoa vipimo vilivyowekewa alama ya ubovu, nikachora tena, na hapo yakajipanga: mabonde madogo ya mwanga kupungua, moja baada ya jingine, kila baada ya saa 22 na nusu na ushei, zaidi ya 20. Kila bonde ni sayari inayopita mbele ya nyota yake. Mwaka wa sayari ile haufiki siku moja ya kwetu! Bonde lina kina cha kama asilimia moja, na hesabu inayofuata mwanafunzi wa kidato cha nne anaiweza: sayari imeziba sehemu moja kati ya mia ya uso wa nyota, kwa hiyo kipenyo chake ni kama sehemu moja kati ya kumi ya kipenyo cha nyota. Nilikaa nikiitazama ile chati mpaka jogoo wa jirani akawika.

Kulikuwa na jambo jingine. Katikati ya chati palikuwa na pengo la zaidi ya siku nzima, hakuna kipimo hata kimoja. Nilidhani nimeharibu faili, nikalifuta na kulipakua upya. Pengo lilelile. Ilinichukua siku mbili za kusoma maelezo ya chombo kujua kwamba TESS ikikaribia Dunia katika mzunguko wake husimamisha upimaji, hugeuka na kutuma data chini. Sayari yenyewe ilishagunduliwa mwaka 2009, kwa hiyo sikuvumbua kitu. Ila siku zile mbili zilinifundisha utafiti kuliko miaka mitatu ya kunakili ubaoni, maana nililazimika kujiuliza kipi kimetoka angani na kipi kimetoka kwenye chombo. Jumatatu nilichapisha chati ile steshenari, nikaibandika ukutani darasani. Bado ipo.

Sasa nawauliza wahadhiri wetu wa fizikia, kwa heshima yote: darubini hapo iliingia wapi? Chombo cha Gaia cha Ulaya kimetoa hadharani vipimo vya takriban nyota bilioni 1.8. Makala za watafiti zinasomwa bure kwenye arXiv, maktaba ya mtandaoni iliyoanza mwaka 1991. Mwanafunzi anahitaji kompyuta mpakato, umeme, bando, hisabati iliyokaa sawasawa (asiyeipenda hisabati asidanganywe, atateseka), na mtu wa kumsimamia. Huyo msimamizi ndiye adimu, nakubali. Lakini msimamizi wa pili anaweza kuwa Pretoria au Nairobi na wakazungumza kwa intaneti kila wiki. Idara ikisema "hatuna mtu" nitaielewa, tutafute mtu. Ikisema "hatuna darubini" inamfungia kijana mlango ambao haujafungwa.

Wapo watakaouliza ajira. Kijana aliyezoea kuchambua vipimo milioni, kuandika programu na kueleza vipimo vyake vinaweza kukosea kwa kiasi gani, benki watamtaka, mamlaka za hali ya hewa watamtaka, kampuni za simu watamtaka. Sitalirefusha hilo.

Kinachonisumbua zaidi ni kwamba majirani hawakusubiri. Mradi mkubwa wa SKA, wa darubini za redio zinazonasa mawimbi ya redio kutoka angani, unajengwa Afrika Kusini na Australia, na nchi nane nyingine za Afrika ziliingia kama washirika: Botswana, Ghana, Kenya, Madagaska, Morisi, Msumbiji, Namibia na Zambia. Tatu kati ya hizo zinapakana na sisi, sisi hatumo. Ghana walichukua dishi la zamani la mawasiliano ya simu, lenye upana wa mita 32, wakaligeuza kuwa darubini ya redio, na mwaka 2017 wakaizindua.

Na lugha yetu wenyewe ilishafika huko zamani. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi, ilirushwa setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahsusi kwa ajili ya kuchunguza mionzi ya eksirei kutoka angani. Ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, kwa hiyo ikaitwa Uhuru. Orodha yake ya mwisho, ya nne, ilikuwa na vyanzo 339 vya mionzi hiyo, na vipimo vyake vilisaidia kuonyesha kwamba kimojawapo, Cygnus X-1, huenda ni shimo jeusi, yaani kitu chenye mvuto mkali hata mwanga hautoki. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Mpaka leo watafiti wanaviita vyanzo vile kwa alama 4U: 4 ni ya orodha ile ya nne, na hiyo U ni ya neno letu. Nilipomwambia kijana hivyo alinyanyua kichwa kwa mara ya kwanza tangu aketi.

Tulikaa mpaka jioni tukiandika pendekezo lake. Amechagua nyota tatu zenye sayari zinazojulikana, atapima upana wa sayari hizo upya kwa data za TESS na kulinganisha na zilizochapishwa. Kurasa nne, bajeti ni bando la miezi sita tu. Ataliwasilisha idarani chuo kikifunguliwa. Ninachoomba kupitia gazeti lako, Mhariri, ni kwamba yeyote atakayelipokea alisome mpaka ukurasa wa nne kabla ya kumjibu.

Mwalimu wa fizikia,
Marangu, Moshi.