Barua kwa wajukuu zangu mnaoanza HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) na HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza)

Wajukuu zangu wa kidato cha tano,

Nilipokuwa na umri wenu nilikuwa na kauntabuku la maneno magumu niliyoyatoa kwenye kamusi, kila neno na maana moja. Siku moja niliandika insha ya harusi ya dada yangu, nikamsifu kwa neno "skinny". Mwalimu alilizungushia wino mwekundu, akaniuliza kama dada angefurahi kuitwa kimbaumbau. Daftari langu lilikuwa limesema "mwembamba" tu. Neno nililolitaka ni "slender".

Katika miaka yangu ya kufundisha fasihi ya Kiingereza nimeyaona madaftari kama lile mengi mno. Tafadhalini, msiyaanze.

Chukueni Julius Caesar, mchezo wa kuigiza wa Shakespeare. Antony anasimama mbele ya maiti ya rafiki yake Caesar, anamwita Brutus, mmoja wa waliomuua, "honourable". Analirudia, na kulirudia tena. Mwanzo ni heshima. Hotuba ikisonga, umati unalisikia kama tusi, na neno halijabadilika hata herufi moja. Aliyekariri kuwa ni "mheshimiwa" akafunga daftari ameikosa hotuba nzima.

Mwalimu Nyerere ndiye aliyeutia mchezo huo katika Kiswahili. Alipoutafsiri ule wa mfanyabiashara wa Venice, uliotoka mwaka 1969, aliuita Mabepari wa Venisi. Mfanyabiashara mmoja wa Shakespeare akawa mabepari! Kaeni na maneno hayo mawili jioni moja, mpime uzito wake. Mimi sina somo zuri zaidi la uteuzi wa msamiati.

Tena maneno huzeeka. "Naughty" leo ni mtoto mtukutu, lakini kwa Shakespeare aghalabu ni mtu mwovu. "Presently" lilikuwa sasa hivi. Tumieni kamusi kubwa ya maktaba inayoonyesha maana za zamani.

Basi nakilini sentensi nzima, na nani anamwambia nani. Lipigieni neno mstari. Chini yake andikeni neno lenye maana ya karibu ambalo mwandishi aliliacha, na kwa nini mnadhani aliliacha. Hapo kwenye "kwa nini" msiharakishe, hata kama ni maneno matano tu kwa wiki. Halafu isomeni sentensi kwa sauti, mwenzako akisikiliza.

Anzeni na kitabu mlicho nacho, hata kama jalada limechanika.

Babu yenu,
Mwalimu mstaafu