Risala ya Waamini wa Parokia kwa Baba Askofu Anayekaribia Kustaafu

Mhashamu Baba Askofu, mgeni wetu rasmi;
Baba Paroko na mapadre wote mliofika kutoka dekania yetu;
Masista na watawa;
Makatekista, viongozi wa vigango, wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo na wa vyama vya kitume;
Taifa la Mungu,

Tumsifu Yesu Kristo!

Mhashamu Baba Askofu, kwa niaba ya waamini wa parokia hii na vigango vyake vyote, Halmashauri ya Walei inakushukuru kwa kuja kutuadhimishia Misa ya Kipaimara na kisha kuketi nasi mezani, hali tukijua kwamba mwaka huu unatimiza umri wa miaka 75 na kwamba kila parokia ya jimbo ingependa kukuona kabla barua yako ya kujiuzulu haijajibiwa. Risala hii haitazungumzia paa la kanisa wala madeni ya ujenzi. Hayo Baba Paroko anayo na atakueleza kwa wakati wake. Tumeona tuseme jambo moja tu, ambalo limetawala mazungumzo ya jumuiya zetu tangu Kwaresima, nalo ni kustaafu kwako, jinsi habari hiyo ilivyopokewa hapa parokiani, na wajibu ambao sheria ya Kanisa imelipa jimbo juu yako, ambao sisi walei hatujauandaa ipasavyo.

Ni haki tukiri kwamba habari hiyo haikupokewa kwa utulivu. Katika jumuiya mojawapo, mzee alisimama mara baada ya kutafakari Injili akauliza tangu lini baba wa nyumba akastaafu ubaba, na hakuna aliyethubutu kumjibu. Walimu na wauguzi, ambao kwao kustaafu kwa hiari ni miaka 55 na kwa lazima ni 60, walisema kwamba maaskofu wamecheleweshwa mno kupumzishwa. Wengine walihoji kwa nini Baba Mtakatifu hafungwi na umri ilhali maaskofu wake wanafungwa. Vijana wa VIWAWA, kama ilivyo desturi yao, waliingia kwenye simu kumtafuta atakayekufuata, na wiki haijaisha walikwisha kupata majina matatu, yote ya mapadre ambao wenyewe hawana habari. Wakati huohuo baadhi ya wazee walianza kukusanya saini za kumwomba Balozi wa Baba Mtakatifu, Dar es Salaam, uongezewe muda, na karatasi yao ilikuwa imejaa upande mmoja ilipofika mikononi mwa Halmashauri.

Tulimwomba Baba Paroko atufundishe kabla hatujaamua lolote kuhusu karatasi ile, naye alitutengea jioni nzima. Tulijifunza kwamba hapo zamani ilikuwa kawaida askofu kubaki katika kiti chake mpaka kifo, na kwamba ni Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1965 kuhusu huduma ya kichungaji ya maaskofu, uliowasihi maaskofu waliopungukiwa nguvu kwa uzee au kwa sababu nyingine nzito waombe wenyewe kung'atuka. Mtaguso haukutaja umri. Aliyeutaja ni Papa Paulo VI, mwezi Agosti 1966, alipoweka miaka 75, na Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983 ukaithibitisha katika kanuni ya 401. Kanuni hiyo inasema kwamba askofu wa jimbo aliyetimiza miaka 75 anaombwa kumwandikia Baba Mtakatifu barua ya kujiuzulu, na Baba Mtakatifu ndiye anayeamua baada ya kupima hali zote. Maparoko nao wana kanuni yao yenye umri huohuo, na makardinali waliotimiza miaka 80 hawaingii katika uchaguzi wa Papa. Papa mwenyewe hana umri aliowekewa na sheria, lakini Benedikto XVI, akiwa na miaka 85, aliachia madaraka kwa hiari yake mwezi Februari 2013, na jibu hilo liliwatosha waliokuwa wakihoji.

Kwa hiyo lililo lazima ni kuandika barua. Muda wa jibu hauna kipimo. Hapa kwetu Kardinali Laurean Rugambwa, Mwafrika wa kwanza kupewa ukardinali katika nyakati zetu, aliendelea kuliongoza Jimbo Kuu la Dar es Salaam mpaka Julai 1992, akiwa ametimiza miaka 80. Mrithi wake, Kardinali Polycarp Pengo, aliyezaliwa tarehe 5 Agosti 1944, alikubaliwa kustaafu tarehe 15 Agosti 2019, siku 10 tu baada ya kutimiza umri, kwa kuwa Askofu Mkuu Mwandamizi, yaani msaidizi mwenye haki ya kumrithi, Jude Thaddaeus Ruwa'ichi, alikwisha kuteuliwa mwaka uliotangulia. Jimbo ni lilelile na sheria ni ileile, lakini mmoja alingoja miaka mitano na mwingine siku zisizofika wiki mbili. Tumewaambia waamini wetu pia kwamba mpaka jibu litakapotoka, wewe ni Askofu wetu kamili, na wale walioanza kukuita mstaafu hapa parokiani tumewaonya kwa upole.

Kuhusu karatasi ya saini, Halmashauri iliamua isitumwe. Si kwamba wazee wale walikosea kukupenda. Mwaka 2018 Papa Fransisko, katika barua yake kuhusu kujiuzulu kwa sababu ya umri, alieleza kwamba anayeondoka anapaswa kujivua hamu ya madaraka na dhana kwamba bila yeye mambo hayaendi, na kwamba anayeombwa kuendelea asiuone muda huo kuwa ni upendeleo wala ushindi wake binafsi. Tulijiuliza saini zetu zingekusaidia vipi kutimiza maneno hayo, tukaona zingekuwekea mzigo ambao hukuuomba. Wazee walikubali, ingawa mmoja wao ameomba karatasi yake arudishiwe aiweke ndani ya Biblia yake, nasi tumemrudishia.

Mhashamu Baba Askofu, jambo lililotutia hofu zaidi kuliko saini ni maneno ya chini kwa chini kuhusu kabila la atakayekuja. Yapo yaliyosemwa kwenye misiba na kwenye vilabu vya kahawa ambayo hayafai kusomwa mbele yako. Sisi viongozi tuliwasimulia waamini yaliyotokea Jimbo la Ahiara, Nigeria, ambako Padre Peter Ebere Okpaleke aliteuliwa kuwa askofu mwezi Desemba 2012, na mapadre wengi pamoja na waamini wa Mbaise, eneo la jimbo hilo, wakamkataa kwa sababu hakuwa mtoto wa kwao, hata ikabidi awekwe wakfu nje ya jimbo lake. Mwaka 2017 Papa Fransisko alimtaka kila padre wa jimbo lile amwandikie barua ya kuomba msamaha na kuahidi utii ndani ya siku 30. Hata hivyo askofu aliona amani haijapatikana, akajiuzulu mwaka 2018. Mwaka 2020 alikabidhiwa jimbo jipya la Ekwulobia, na mwaka 2022 akafanywa kardinali. Waliomkataa walimkosa mtu ambaye Kanisa zima limempa nafasi ya kumchagua Papa. Tunakuahidi mbele ya mapadre hawa kwamba yeyote atakayetumwa, awe mtoto wa jimbo hili au wa mbali, atapokewa hapa kwa ngoma na vigelegele vilevile ulivyopokewa wewe.

Tunajua pia kwamba kiti kikibaki wazi, Baraza la Washauri humchagua Msimamizi wa Jimbo ndani ya siku nane, na kwamba katika kipindi hicho sheria hairuhusu kuanzisha mapya. Waamini wa kigango chetu kikubwa, ambao wameingoja hadhi ya parokia kwa muda mrefu na nyumba ya padre wamekwisha kuiezeka, walitutuma tukuombe uwatie saini leo hii kabla hujaondoka. Tumekataa kulibeba ombi hilo kwa namna hiyo, kwa sababu parokia haizaliwi kwa haraka na sheria yenyewe inakutaka uwasikilize kwanza mapadre wako katika Halmashauri yao. Tunachokuomba ni kwamba jalada la kigango hicho liachwe limekamilika, ili atakayekufuata alikute mezani.

Sasa tunafika kwenye deni. Kanuni ya 402 inampa askofu aliyestaafu haki ya kubaki na makazi ndani ya jimbo lake akipenda, na inaelekeza kwamba apatiwe matunzo yanayofaa na kumstahili, huku jimbo alilolihudumia likiwa la kwanza kuwajibika. Kardinali Maurice Otunga wa Nairobi, alipostaafu mwaka 1997, alichagua kuishi Nyumba ya Wazee pamoja na wazee maskini wanaotunzwa na masista, na tunamheshimu sana kwa hilo. Lakini yeye alichagua. Si haki sisi tujifariji kwa mfano wake ili tukwepe wajibu wetu. Tuseme kweli, sisi ni hodari wa kamati za harusi na za mazishi. Kumchangia mtu akiwa hai, mzima wa afya na hadai kitu hutuwia vigumu, na ndiyo maana mpaka leo parokia yetu haina fungu lolote kwa ajili ya wachungaji waliostaafu.

Katika kikao cha maandalizi ya siku ya leo kulikuwa na pendekezo la kukununulia gari. Tuliliweka kando, kwa sababu gari linataka dereva, mafuta na vipuri kila mwezi, na zawadi inayomgharimu aliyepewa si zawadi. Badala yake tumeleta tenki la maji la lita 5,000, ambalo unaliona pale kando ya mnara wa kengele, kwa ajili ya nyumba utakayoishi, na fundi wa kulifunga amekwisha kulipwa. WAWATA, yaani akina mama Wakatoliki, wameongeza mashuka na vyombo vya jikoni. Kila jumuiya imeahidi gunia moja la mahindi kila baada ya mavuno, nao UWAKA, yaani wanaume Wakatoliki, ndio watakaoyasafirisha. Zaidi ya hayo tunaomba ridhaa yako, au ya atakayekufuata, ili kila mwaka Jumapili moja jimboni iwe ya sadaka kwa ajili ya maaskofu na mapadre wastaafu, na hesabu yake isomwe parokiani kama zinavyosomwa hesabu nyingine.

Baba Askofu, wengi watakukumbuka kwa makanisa uliyoyabariki. Katekista wetu anakukumbuka kwa jambo jingine. Katika ziara yako ya kichungaji ulikaa sakristia ukapitia kitabu cha ubatizo ukurasa kwa ukurasa, ukamwita na kumwonyesha kwa kidole mistari ambayo majina ya wasimamizi hayakujazwa, kisha ukamsubiri mpaka akaijaza yote. Kitabu kile sasa hakina mstari mtupu, na ukipenda kukikagua tena kabla ya chakula, kimewekwa mezani sakristia.

Kwa heshima na utii, tunaomba sasa uwaruhusu akina mama wa WAWATA wasogee mbele na zawadi zao, na baada yao wafuate watoto wa Kipaimara.

Tunaomba kuwasilisha.

Tumsifu Yesu Kristo!

Imesomwa na Katibu, kwa niaba ya Halmashauri ya Walei ya Parokia.