Middlesex isiyo kwenye ramani

Hounslow, Middlesex
Jumapili usiku

Somo yangu mpenzi,

Ama baada ya salamu, mimi sijambo, baridi tu ndiyo inanitafuna vidole. Nisalimie mama, na shemeji, na hao mapacha ambao nasikia siku hizi wanabishana mpaka na walimu. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza mara mbili, ya kwanza nikacheka tu. Eti, "Hiyo Middlesex unayoandika kwenye anwani ni wapi? Nikiitafuta kwenye simu naletewa London." Simu haikukudanganya, somo, wala mimi sikukudanganya.

Middlesex ilikuwa kaunti. Wewe ifikirie kama mkoa. Ilifutwa tarehe 1 Aprili 1965. Karibu yote ikamezwa na London Kuu, na vipande vya pembeni wakagawiwa majirani: Staines ikaenda Surrey, Potters Bar ikaenda Hertfordshire. Lakini jina limegoma kufa. Kuna mzee mmoja ninayemhudumia kwenye zamu zangu za usiku, ukimwambia yuko London anakunja uso. "Middlesex," ananisahihisha huku namvisha soksi. Nilianza kuliandika kwenye bahasha kwa ajili yake, nikazoea.

Ni yeye aliyenitia kwenye hadithi hii. Julai 2024 nilipiga kura hapa, ya ubunge kabisa. Usishangae: raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola anayeishi hapa kihalali anaruhusiwa. Kitambulisho siku hizi ni lazima, nikatoa pasipoti yangu ya Tanzania. Yule mama wa mezani akaitazama picha, akanitazama mimi, akanipa karatasi. Kibanda cha mbao, penseli imefungwa kwa uzi, unatia alama ya X, unakunja, unatumbukiza. Wino wa kidoleni hakuna. Jimbo linaitwa Brentford na Isleworth. Usiku nikamsimulia mzee, naye akaketi wima kitandani. "Brentford? Basi umepiga kura alipopigiwa Wilkes!" Nikamwuliza Wilkes ndiye nani, maana kwenye orodha sikumwona. Alicheka mpaka nikampa maji.

Sasa kaa vizuri, hapa ndipo utamu ulipo.

Tangu enzi za kati Middlesex ilipeleka wabunge wawili kwenye Baraza la Makabwela. (Jina hilo la Kiswahili hunichekesha. Makabwela gani wenye mashamba na magari ya farasi?) Mpiga kura wa kaunti alikuwa mwanamume mwenye ardhi au nyumba yake ya kumwingizia angalau shilingi 40 kwa mwaka, sheria hiyo ni ya 1430. Shilingi 40 zilipowekwa zilikuwa fedha nzito, ila miaka ilivyokwenda thamani ikashuka na kiwango hakikuguswa, kwa hiyo watu wa kawaida wakaanza kuingia mlemle. Na Middlesex ya wakati ule haikuwa mashamba matupu. Ilizunguka London, ikachukua na vitongoji vya mashariki walikokaa wafumaji wa hariri, wauza pombe na mafundi. Wapiga kura wa aina hiyo bwana mwenye shamba hawezi kuwaswaga kama mbuzi.

Kituo kilikuwa kimoja tu kwa kaunti nzima: Brentford. Utoke Whitechapel, utoke Enfield, utakwenda Brentford, upande jukwaani na utaje kwa mdomo, mbele ya watu wote, unamchagua nani. Jina lako na uliyemchagua vinaandikwa kitabuni. Mwenye nyumba wako anasikia, anayekudai anasikia.

John Wilkes alikuwa mwandishi na mlevi wa anasa, ana makengeza na meno mabovu, lakini ulimi wake asali. Alijisifu kwamba akipewa nusu saa ya kuzungumza, sura yake itasahaulika. Mwaka 1763 gazeti lake, toleo namba 45, liliishambulia hotuba ya Mfalme George III bungeni. Akakamatwa, akaachiwa kwa sababu alikuwa mbunge wa Aylesbury, kisha akakimbilia Paris. Bunge likamfukuza akiwa hukohuko. Mwaka 1768 akarudi, madeni shingoni na kesi zikimngoja, akagombea mjini London na kushika mkia. Mwingine angefunga virago. Yeye akavuka barabara, akagombea Middlesex.

Tarehe 28 Machi 1768 wafumaji wa Spitalfields walijaa njia yote ya kwenda Brentford. Gari lisilochorwa 45 kwa chaki halipiti. Balozi wa Austria alitolewa kwenye gari lake, akainuliwa miguu, akaandikwa 45 kwenye nyayo za viatu. Benjamin Franklin, Mmarekani yule, alikuwa akiishi London, naye aliandika kwamba alipopita njia ya Winchester milango na madirisha ya kandokando yalikuwa na namba hiyo maili kwa maili. Kura zilipohesabiwa Wilkes alikuwa na 1,292, aliyemfuatia 827.

Baadaye mahakama ikampeleka jela. Tarehe 10 Mei umati ulikusanyika nje ya gereza, uwanja wa St George's Fields, askari wakafyatua risasi, watu wakafa. Mmoja ni kijana William Allen: askari walimdhania mtu mwingine, wakamfukuza mpaka bandani na kumuua humo. Hapo mzee alinyamaza kidogo, kama anayemzungumzia jirani.

Sasa fuata tarehe, somo, kama tulivyokuwa tukifuata mechi redioni. Tarehe 3 Februari 1769 bunge linamfukuza. Tarehe 16 Middlesex inamrudisha, amepita bila kupingwa, naye yumo jela! Kesho yake bunge linasema si kufukuzwa tu, mtu huyu hafai kuchaguliwa tena. Tarehe 16 Machi wanamrudisha. Bunge linafuta. Ndipo serikali ikamtafuta mtu wake, Henry Luttrell, mwanajeshi, aliyekiacha kiti cha Bossiney, kijiji kule Cornwall chenye wapiga kura wa kuhesabika na wabunge wawili, kama Middlesex nzima. Tarehe 13 Aprili wakapimana: Wilkes 1,143, Luttrell 296. Siku mbili baadaye bunge likaamua mbunge halali wa Middlesex ni Luttrell.

296 zimeishinda 1,143. Nilimwambia mzee hesabu hiyo hata mapacha wako hawaikubali.

Kilichonishika mimi si Wilkes. Yeye alijitakia mengi, na wanaomfanya mtakatifu wanajisumbua. Walionishika ni wale wenye nyumba za shilingi 40, ambao majina yao yameandikwa kitabuni mara mbili ndani ya mwaka mmoja na ushei, hadharani. Walikwenda Brentford kumchagua mfungwa huku wakijua bunge litamkataa, wakarudi makwao wakiwa wamepoteza siku nzima ya kazi. Na wakaendelea. Watu wa sehemu nyingine nao wakatia saini barua za malalamiko, wakachanga fedha kumlipia madeni, wakaanza kuuliza swali ambalo halikuwa likiulizwa kwa sauti: kiti ni cha nani, cha waliomchagua mtu au cha waliomo ndani?

Mwaka 1774 Wilkes akawa Meya Mkuu wa London, na mwaka huohuo Middlesex ikamchagua tena. Safari hii bunge likamwacha akae. Mwaka 1776 alisimama kudai vijiji kama Bossiney vifutwe, miji kama Manchester, Leeds na Birmingham ipate wabunge, na maskini naye awe na sauti. Wakamcheka. Alirudia pia hoja ya kufuta maamuzi ya 1769, mwaka baada ya mwaka, mpaka Mei 1782 wakakubali, yakafutwa kwenye kumbukumbu za bunge. Kati ya hapo kuna doa: kwenye ghasia za London za 1780 huyuhuyu alisimama na askari kulinda Benki ya Uingereza na kuwapiga risasi watu. Wengi waliompenda hawakumsamehe kwa hilo. Mwaka 1790 alipoona hapendwi tena, akajitoa.

Mzee anasema, na nilihakikisha, kwamba Wamarekani waliiita Middlesex mahakamani mwaka 1969, miaka 200 kamili baadaye. Bunge lao lilikuwa limemzuia Adam Clayton Powell, Mmarekani mweusi wa Harlem, asikae kwenye kiti alichochaguliwa. Mahakama ya Juu ya kwao ikarejea kisa cha Wilkes, ikasema mwenye sifa zilizo ndani ya katiba bunge haliwezi kumkatalia kiti.

Yaliyofuata nakupitishia haraka. Mwaka 1832 Bossiney ikafutwa, na mitaa ya Middlesex iliyokwisha kuwa mji, Finsbury, Marylebone na Tower Hamlets, ikapewa wabunge wake. Kura ya siri ilikuja 1872. Mwaka 1885 jimbo la kaunti likakatwa vipande saba: Brentford, Ealing, Enfield, Harrow, Hornsey, Tottenham na Uxbridge. Sisi wanawake tulingoja hadi 1918, tena waliotimiza miaka 30 tu, na kwa masharti ya mali. Jengo la kaunti lipo bado, linatazamana na bunge lenyewe, na tangu 2009 ndimo inamokaa Mahakama ya Juu ya Uingereza. Nikiwaza kwamba majaji wanakaa humo, nacheka peke yangu ndani ya basi.

Siku yangu ya mapumziko nilipanda basi namba 237 nikashuka Brentford. Uwanja walikopigia kura unaitwa The Butts. Nyumba za matofali mekundu za zamani, madirisha marefu, magari yameegeshwa kila upande. Nilisimama katikati kama mtu aliyepoteza funguo, mpaka mama mmoja akafungua dirisha kuniuliza natafuta nani. Nikamwambia Wilkes. Akasema hakai hapa, akafunga.

Nimemsimulia mzee, ameniomba nimweleze nyumba zote, moja baada ya nyingine. Kwa hiyo ukinijibu, usinitumie sauti, andika barua. Nami naomba ubuyu pakti mbili na udi kidogo kama kuna msafiri. Kwenye bahasha andika Middlesex, kwa herufi kubwa. Posta wataifikisha kwa namba zao, na mimi nitaibeba zamu ya usiku aione.

Somo yako,
wa Hounslow