Mchezo wa kuigiza upewe nusu saa yake darasani

Ndugu Mhariri,

Katika ratiba nyingi za madarasa ya awali, mchezo wa kuigiza huwekwa mwisho wa siku, dakika 10 au 15, tena kwa wale tu waliomaliza kazi. Sisi walimu wa elimu ya awali tunaomba nafasi katika gazeti lako tueleze kwa nini mpango huo unaharibu mchezo na masomo pia.

Watoto wa miaka 4 hadi 6 wanapoanza kuigiza, dakika za mwanzo huishia kwenye mashauriano: nani muuzaji, nani mgonjwa, boksi hili ni gari au kitanda. Hilo peke yake ni somo zito la lugha, maana mtoto analazimika kumweleza mwenzake jambo lisiloonekana kwa macho na kumshawishi alikubali. Kengele ikilia dakika ya 15, kisa chenyewe ndiyo kwanza kinaanza. Ikitokea hivyo kila siku, watoto hawajisumbui tena kupanga. Wanachezea vifaa ovyo, wanagombania, na mwalimu anabaki akiamini kuwa mchezo ni fujo. Nusu saa mfululizo ndiyo kima cha chini. Dakika 45 ni bora zaidi.

Somo linalofaidika waziwazi ni hesabu, mradi duka la kuigiza lipangwe sawasawa. Makopo na maboksi matupu 8 yanatosha. Kila kimoja kibandikwe bei yenye tarakimu pamoja na nukta za idadi hiyohiyo, ili asiyeitambua bado 4 apange vizibo vya chupa juu ya nukta na kulipa bila kukosea. Bei ziwe kati ya 1 na 5, na kila mteja apewe vizibo 10, visizidi. Uhaba ndio unaomfanya apige hesabu: nikichukua cha 4 na cha 5, kinabaki kizibo kimoja, nacho kinanunua nini?

Kosa linaloonekana mara nyingi ni kumwaga bakuli zima la vizibo mezani. Mteja anatoa konzi, muuzaji anapokea konzi, na hakuna anayehesabu kwa kuwa hakuna anayepungukiwa. Kosa jingine ni kudai chenji mapema. Kurudisha chenji kunamtaka mtoto ashike namba mbili kichwani kwa wakati mmoja, kile alichopewa na bei ya kitu, kwa hiyo isubiri mpaka kulipa kamili kuwe kumezoeleka. Kona moja ya kuigizia, kama duka hilo, isizidi watoto 5. Wakizidi, wengine wanageuka watazamaji.

Kwa kusoma na kuandika, kona ya zahanati huzaa matunda haraka. Inahitaji daftari la kuandikisha wagonjwa, kadi, bango la herufi la kupimia macho na kalamu zilizofungwa kwa uzi hapohapo mezani. Mahali vinapowekwa pana maana kubwa: karatasi zikiwa kabatini, daktari atatoa dawa kwa mdomo tu. Mtoto akichora mistari ya mawimbi na kuiita cheti, aachwe. Ameshaelewa kwamba maandishi hubeba ujumbe kwa mtu mwingine, na ufahamu huo hutangulia herufi. Akisahihishwa katikati ya mchezo, anaweza kuacha kuandika kabisa. Herufi zina kipindi chake.

Mwanasaikolojia wa Urusi, Lev Vygotsky, alilizungumzia suala hili katika mhadhara wa mwaka 1933. Alitaja mfano wa ndugu wawili wa kike, wa miaka 5 na 7, walioamua kucheza mchezo wa kuwa ndugu. Kile walichokiishi kila siku bila kukifikiria kiligeuka kuwa kanuni ya kufuatwa: ndugu hufanya hivi, hawafanyi vile. Hapo ndipo ilipo nguvu ya mchezo huu katika nidhamu. Anayeigiza mgonjwa hutulia kwenye foleni kwa sababu nafasi aliyojichagulia inamtaka atulie.

Mwalimu naye ana kazi. Aingie akiwa mhusika, akae dakika 2 au 3, kisha aondoke. “Daktari, dawa hii nimeze mara ngapi kwa siku?” ni swali linalokuza mchezo na kuleta hesabu ndani yake. “Kopo hili lina rangi gani?” linauua, kwa sababu mtoto anatoka kwenye udaktari na kurudi kuwa mwanafunzi anayetahiniwa. Mchezo ukikwama, kwa kawaida palipopungua ni uzoefu. Watoto wasiojua nini hutokea posta hawawezi kuiigiza, hata wawekewe stempu 100. Wapelekwe kwanza, au waonyeshwe picha na kusimuliwa, ndipo kona ifunguliwe.

Tusiahidi kupita kiasi, hata hivyo. Mapitio ya tafiti yaliyoongozwa na Angeline Lillard wa Marekani na kuchapishwa mwaka 2013 yalionyesha kuwa ushahidi hautoshi kusema kuigiza pekee huongeza akili au ubunifu. Kwenye lugha na usimulizi dalili zilikuwa nzuri zaidi, ingawa si za kukata shauri. Katika sayansi tunashauri tahadhari: kuigiza mbegu inayochipua kunasaidia kukumbuka hatua, lakini hakumwonyeshi mtoto kama mbegu inahitaji mwanga ili ichipue. Hilo linataka mbegu halisi, pamba yenye maji na siku kadhaa za kuangalia.

Kwa wakuu wa shule wanaouliza alama zitatoka wapi, jibu ni daftari la mwalimu. Katika kila kipindi achague watoto 2 na kuandika walichosema na walichofanya, kwa maneno yao: “Juma amehesabu vizibo 7 bila kurudia, Neema ameandika N na E kwenye kadi.” Darasa la watoto 30 linamalizika kwa vipindi 15, yaani wiki 3 za masomo, na kila mzazi anapata taarifa iliyotokana na kazi ya mwanawe mwenyewe.

Ni sisi,
Walimu wa elimu ya awali