Risala kwa Mgeni Rasmi katika Hafla ya Kuchangia Tamasha la Filamu za Waongozaji Weusi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwenyekiti wa Kamati ya Tamasha,
Wafadhili wetu, watengenezaji filamu, wazazi na vijana,
Mabibi na mabwana,

Kwa niaba ya kamati ya maandalizi, tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu. Tunajua una majukumu mengi, na kufika kwako jioni hii kumetutia moyo. Karibu sana.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tamasha hili ni la jamii. Halina kampuni inayolibeba wala jengo lake lenyewe. Linaendeshwa na watu wanaotoka kazini jioni na kuja kupanga viti, kujaribu spika na kutazama filamu zilizotumwa hadi usiku mkubwa ili kuchagua zitakazoonyeshwa. Tunaonyesha kazi za waongozaji weusi kutoka Afrika na kutoka kila pembe ambako uzao wa Afrika umetawanyika. Filamu ikiisha, taa zinawashwa, na watazamaji wanazungumza na aliyeitengeneza ikiwa tumeweza kumlipia nauli.

Huwa tunaulizwa: kwa nini mchangishe fedha za kuonyesha filamu, wakati vijana wenye hadithi zao hawana hata kamera? Swali ni la haki, na jibu lake ndilo kiini cha risala hii. Ukiifuatilia historia ya filamu za watu weusi, utaona watengenezaji walikuwapo tangu zamani. Kilichowakwamisha mara nyingi ni kukosa mahali pa kuzionyesha filamu zao.

Oscar Micheaux, Mmarekani mweusi aliyekuwa mkulima na mwandishi, alitoa filamu yake ndefu ya kwanza mwaka 1919. Mtaji aliupata kwa kuuza hisa, nyingine kwa wakulima waliokuwa wakinunua vitabu vyake. Filamu zake alizinadi mwenyewe, akizipeleka mji hadi mji kwenye kumbi za watu weusi. Mwaka 1920 alitoa Within Our Gates, iliyothubutu kuonyesha familia ya watu weusi ikiuawa na umati wa wazungu. Bodi ya ukaguzi ya Chicago iliikataa mwanzoni kwa kuhofia ghasia. Baadaye filamu hiyo ikapotea kwa miongo kadhaa, mpaka nakala moja ilipopatikana Uhispania, karibu maandishi yake yote ya kwenye skrini yakiwa kwa Kihispania. Maktaba ya Bunge la Marekani iliirejesha mwaka 1993. Hiyo ndiyo filamu ya zamani zaidi inayojulikana kusalia ya mwongozaji Mmarekani mweusi, na imesalia kwa sababu ya nakala moja iliyovuka bahari.

Kwa Afrika, hata kupiga picha kwenyewe kuliwekewa kikwazo kilichoandikwa kabisa kuwa sheria. Amri ya Ufaransa ya mwaka 1934 ilimtaka mtu apate kibali cha serikali ya kikoloni kabla ya kupiga picha za filamu katika makoloni yake ya Afrika. Ndiyo maana mwongozaji Mwafrika Paulin Soumanou Vieyra na wenzake, mwaka 1955, walitengenezea Paris filamu yao kuhusu Waafrika walioishi huko. Uhuru ulipokuja, Ousmane Sembène wa Senegal akatoa Borom Sarret mwaka 1963, hadithi fupi ya mwendesha mkokoteni wa Dakar, na mwaka 1968 akatoa Mandabi kwa Kiwolof. Lakini hata wakati huo kumbi nyingi za Afrika Magharibi zililishwa filamu na kampuni za kigeni. Tamasha la Ouagadougou, ambalo leo tunaliita FESPACO, lilianza mwaka 1969 katika hali hiyo, ili Mwafrika akae kitini atazame filamu ya Mwafrika. Mwaka uliofuata, serikali ya Volta ya Juu, Burkina Faso ya leo, ikataifisha kumbi za sinema. Nchi maskini iliona jambo hili ni la maana kiasi hicho.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, turuhusu tukae kidogo na filamu moja. Charles Burnett, Mmarekani mweusi, alitengeneza Killer of Sheep akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu huko Los Angeles, akipiga picha mwishoni mwa wiki, kwa bajeti isiyofika dola 10,000. Ni kisa cha mfanyakazi wa machinjioni aliyechoka hadi rohoni. Kuna mahali yeye na mkewe wanacheza taratibu mbele ya dirisha, hawasemi neno. Mke anamshika, anamsihi kwa mikono tu. Muziki unaisha, mume anajitoa na kuondoka, mke anabaki peke yake pale dirishani. Sisi hatujaona tukio linaloeleza vizuri zaidi jinsi umaskini unavyoingia hadi chumbani. Basi filamu hiyo ilikamilika miaka ya 1970, lakini haikuingia rasmi kwenye kumbi za sinema hadi mwaka 2007. Sababu kubwa ilikuwa haki za nyimbo zilizomo, ambazo hazikuwa zimelipiwa. Zilihitaji fedha nyingi kuliko zilizotumika kuitengeneza filamu nzima.

Haile Gerima, Mhabeshi aliyesoma chuo hichohicho, alipokamilisha filamu yake Sankofa mwaka 1993, hakupata msambazaji mkubwa wa kuichukua. Alikodi ukumbi Washington akaionyesha mwenyewe, na katika miji mingine vikundi vya jamii vikajitokeza kufanya vivyo hivyo. Watu wakajaa, habari zikasambaa mdomo kwa mdomo. Hao ndio watangulizi wa kamati hii.

Sasa tuseme wazi fedha za leo zitakwenda wapi. Kubwa kuliko yote ni ada za kuonyesha filamu, kwa sababu hatutaki kumwomba mwongozaji atupe kazi yake bure eti tunamtangaza. Yeye naye analipa kodi ya nyumba. Siku hizi filamu nyingi hufika zikiwa mafaili makubwa yaliyofungwa kwa ufunguo wa kidijitali, na ufunguo huo hufanya kazi katika projekta iliyotajwa na kwa muda uliopangwa tu. Usipokamilisha taratibu, filamu unayo mkononi, ukumbi umejaa, na haifunguki. Kisha kuna maandishi ya tafsiri yanayopita chini ya skrini, bila hayo filamu ya Kiwolof au Kiamhari inawafikia wachache tu. Kuna kodi ya ukumbi, nauli za wageni, na viti vya bure kwa wanafunzi na wazee, ambavyo kamati imeapa kutovigusa hata mwaka ukiwa mgumu.

Tunayo maombi kwako, Mheshimiwa. Kwanza, tunakuomba utufungulie rasmi uchangiaji wa jioni hii. Pili, utusemee kwa wenye kumbi, watupangie saa za jioni, maana saa za asubuhi siku za kazi hazina watu. Na tatu, utusaidie kufikia maktaba na vyuo vyenye uwezo wa kuhifadhi nakala za filamu ambazo vijana wetu wanazitengeneza sasa. Nyingi zimekaa kwenye diski moja ndani ya droo ya mtu. Diski ikiharibika, hakuna wa kutafuta nakala Uhispania.

Tunawashukuru wote waliojitolea, waliotuazima vyombo, na waliochangia kabla hata ya kuombwa. Mheshimiwa Mgeni Rasmi, orodha ya filamu za mwaka huu iko mezani kwako, na waongozaji wachache walioweza kufika wameketi safu ya pili. Wangefurahi sana ukiwasalimia.

Naomba kuwasilisha.