Kituo cha daladala kifuate abiria

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu upangaji wa vituo vya daladala katika Manispaa ya Kigoma-Ujiji. Niliendesha daladala miaka mingi kabla macho hayajaanza kunisumbua, na sasa ni abiria, kwa hiyo suala hili nimelitazama kutoka kwenye usukani na kutoka kwenye kiti cha nyuma.

Kosa ninaloliona ni kwamba kituo huwekwa pale ambapo kando ya barabara pana nafasi, kwa kuwa hapo ni rahisi kuchonga maegesho bila kugusa ukuta wa mtu wala kufukia mtaro. Abiria nao hukusanyika kwingine: inapotokea njia ya mkato ya mtaani, chini ya mwembe, au kwenye lango la soko. Matokeo yake kituo rasmi hubaki na kibao na mbuzi, huku daladala zikisimama barabarani mita 100 mbele, na dereva akitozwa faini kwa kosa lililoanzia kwenye meza ya mchoraji.

Wapo watakaosema abiria wazoee kutembea, nami sipingi moja kwa moja. Kila kituo hula kama nusu dakika ya kufunga breki, kushusha, kupakia na kuondoka, hivyo kwenye njia ya kilomita 8 gari linalosimama kila baada ya mita 200 litachelewa kwa dakika 10 hivi kuliko lile linalosimama kila baada ya mita 400. Mita 400 ni mwendo wa dakika 5 kwa mguu, na miji mingi hupanga vituo kwa kuzingatia umbali unaokaribia huo. Lakini hiyo ni hesabu ya mtu asiye na mzigo. Mama mwenye dumu la mawese la lita 20 amebeba kilo 18 hivi kichwani, na aliyetoka mwaloni Kibirizi na gunia la dagaa hawezi kupimwa kwa saa ya kijana wa ofisini. Napendekeza vituo viachane zaidi kwenye maeneo ya makazi, ila soko, mwalo na Hospitali ya Maweni kila kimoja kiwe na kituo karibu kabisa na lango, hata kama kituo kinachofuata kiko mita 150 tu.

Kuna pia suala la mlima, ambalo sijui kwa nini husahaulika katika mji kama huu, wakati barabara itokayo stesheni ya reli huanza kupanda kuelekea Mwanga karibu mara moja. Gari lililojaa likisimama katikati ya mwinuko huondoka kwa kuunguza klachi, na konda hulazimika kushuka na jiwe la kuzuia tairi (langu lilikaa chini ya kiti miaka yote, jiwe lile lile). Kituo kiwe kwenye tambarare kabla ya mlima kuanza, au mbele ya kilele kwa umbali unaomwezesha dereva anayefuata kuliona gari lililosimama kabla hajalifikia.

Vilevile, vituo vya pande mbili za barabara visitazamane. Kwa kuwa tunaendesha kushoto, kila kituo kikisogezwa mbele kidogo ya kivuko cha waenda kwa miguu, anayeshuka atavuka nyuma ya gari lake, mahali anapoonana na dereva anayekuja. Anayevuka mbele ya daladala huibuka ghafla mbele ya gari linaloipita, na mara nyingi huyo huwa mtoto wa shule.

Ombi langu kwa wahusika ni kwamba, kabla ya lami kumwagwa, kibao kisimikwe kwenye pipa la zege linalohamishika, na watu wahesabiwe mahali wanaposubiri asubuhi, mchana na jioni. Hesabu ya Agosti pekee haitoshi, kwa sababu mvua zikishaanza abiria wote wa chini ya mwembe huhamia kwenye vibaraza vya maduka.

Wako,
Dereva mstaafu,
Ujiji, Kigoma